Peni Mbili za Mto Nile

Februari 2024, bodi ya Uingereza inayopanga filamu kwa umri wa watazamaji iliitoa Mary Poppins kwenye kundi la filamu za watu wote na kuiweka kwenye kundi ambalo mzazi anashauriwa kuwa macho. Sababu ilikuwa neno moja. Admirali Boom, mzee anayefyatua mzinga juu ya paa la nyumba yake, anawaona wasafisha dohani waliojaa masizi na kuwaita kwa jina la dharau ambalo Wazungu waliwapachika Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika. Wapo walioshangilia uamuzi huo, wapo waliolalamika kwamba utoto wao umeporwa. Nasi huku tukaudandia ugomvi huo mzimamzima, kama ilivyo kawaida yetu.

Nasema ugomvi huo si wetu. Neno lile ni baya, na sina machozi ya kumlilia aliyekasirishwa na uamuzi wa bodi. Lakini kama kwenu ni Bukoba au Muleba, mahali pa kuisimamisha filamu hii si kwenye paa. Ni benki.

Kwa ambaye hajaiona: ni filamu ya Walt Disney ya mwaka 1964, na hadithi yake iko London ya 1910. Yaya anashuka kutoka mawinguni na mwavuli wake kuja kulea watoto wawili wa mfanyakazi wa benki, Bwana Banks. Julie Andrews anaimba, Dick Van Dyke anacheza, na siku moja wote wanarukia ndani ya mchoro wa chaki uliochorwa kando ya barabara. Humo watu wenye damu na nyama wanahudumiwa chai na pengwini wa katuni. P. L. Travers, aliyeandika vitabu vyenyewe, hakuzitaka katuni hizo hata kidogo. Hapo namwacha aende zake, maana mimi pengwini wale nawapenda kuliko kitu kingine chochote katika filamu hii.

Sasa twende benki. Mtoto Michael ana peni mbili na anataka kununua chakula cha njiwa. Baba anampeleka kazini kwake, na wazee wa benki wanamzunguka wakimwimbia azikabidhi. Wanamtajia fedha hizo zitakwenda kufanya nini: kujenga reli barani Afrika, kuziba Mto Nile kwa mabwawa, kustawisha mashamba ya chai.

Katika filamu yenye mwanamke anayeruka angani, hapo ndipo penye ukweli mtupu. Bwawa la kwanza la Aswan lilikamilika mwaka 1902, na aliyepanga fedha zake alikuwa Ernest Cassel, mwenye benki wa London. Mwaka huohuo wa 1910, mafundi walikuwa wakiliongeza kimo. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika ziwani, Kisumu, tangu 1901, na bidhaa za Bukoba, ijapokuwa sisi tulikuwa chini ya Mjerumani, zilivuka ziwa kwa meli kwenda kuipanda.

Na maji ya Nile hiyo? Mvua inayonyesha kwenye bonde la Ngono huingia Kagera, Kagera huvuka mpaka na kumwagikia ziwani, na ziwa hutokea Jinja. Hakuna mto unaoliletea Ziwa Victoria maji mengi kuliko Kagera. Wale wazee waliovaa kofia ndefu walikuwa wanaimba kuhusu maji yetu.

Tazama basi nani kachorwa na nani hakuchorwa. Filamu hii haikupigwa London. Ilipigwa studio, California, na mapaa yale mazuri ni michoro ya Peter Ellenshaw juu ya kioo. Watu hawa waliweza kuchora chochote walichotaka. Pengwini wakapewa sura na adabu za mezani. Mto ukapewa sekunde moja, kama kitega uchumi.

Mwenzangu mmoja kwenye semina alinijia juu: "Bwana wee, unamtwisha yaya wa watu siasa." Mwingine alikuwa na hoja nzito zaidi, kwamba filamu yenyewe inawacheka wenye benki. Ni kweli inawacheka. Mtoto anadai peni zake, wateja wanaingiwa na hofu na kukimbilia fedha zao, baba anafukuzwa kazi. Lakini inamaliziaje? Wazee wanarusha tiara bustanini, na baba anarudishwa benki akiwa mbia. Kosa lao lilikuwa kumnyima mtoto wa London furaha. Kwa hilo wametubu. Mabwawa yanaendelea.

Na yaliendelea kweli. Mwaka 1929 Uingereza na Misri ziliandikiana kwamba katika nchi zilizo chini ya Mwingereza, Tanganyika ikiwemo, pasijengwe kitu cha kupunguza maji ya Nile bila ridhaa ya Misri. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ilitangaza kwamba makubaliano hayo hayaifungi. Miaka miwili baadaye wazee wale wakaonekana kwenye kumbi za sinema, wakiimba kana kwamba mto hauna wenyewe.

Sitaki filamu ifungiwe, wala sitaki kipande kikatwe. Iwekeni, watoto wacheke na pengwini. Mkifika benki, isimamisheni na mfungue ramani. Mtoto wa Muleba ana haki ya kujua kwamba katika wimbo ule yeye si Michael.

Oktoba 2024, miezi minane baada ya bodi kutoa uamuzi wake, Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile ulianza kutumika. Tanzania imeuridhia, Misri na Sudan hazimo. Neno la Admirali lilijadiliwa wiki nzima katika makundi yetu ya WhatsApp, watu wakatoleana maneno makali. Siku mkataba ulipoanza, nilituma habari yake kwenye makundi hayohayo. Mmoja aliweka alama ya dole gumba.