Farasi kafa, nani kaua?

Jamani, farasi akivunjika miguu yote miwili ya mbele katikati ya mbio, tuite ajali au tuite mauaji?

Januari 2015, Al Wathba, kwenye jangwa la Abu Dhabi, ndivyo ilivyotokea. Picha yake ilizunguka dunia nzima. Mwezi Machi Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI) likaisimamisha Falme za Kiarabu, Julai likaifungulia. Miezi minne na ushee, basi.

Kwa wasiozijua, hizi si mbio za kuzunguka uwanja dakika mbili. Ni kilomita 80, 120, mpaka 160 kwa siku moja. Njia inakatwa vipande, na kila kipande kikiisha madaktari wa mifugo wanampima farasi: mapigo ya moyo yashuke hadi 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa, na asiwe anachechemea. Akishindwa, anatolewa. Kwa maandishi ni mchezo wa mtu anayemjali mnyama wake. Sasa weka hapo jangwa tambarare, magari yanayomfukuzia pembeni na zawadi nono, uone kama kuna anayetaka kupunguza mwendo.

Kwa hiyo wajanja wanashughulika na kuchechemea kwenyewe. Mguu unachomwa sindano ya ganzi kwenye neva. Farasi hasikii maumivu, anatembea vizuri mbele ya daktari, anarudi njiani na mguu mbovu anaoukanyaga kwa nguvu zote. Maumivu ndiyo yangemwambia apunguze. Mfupa ukikatika, watu wanasema alikanyaga shimo.

Mimi ni ripota, nimezoea kesi za watu, ambako maiti ndiyo inayosema wakati mashahidi wamenyamaza. Farasi naye kumbe husema. Oktoba 2016 farasi aitwaye Castlebar Contraband alivunjika mguu kwenye mbio za Fontainebleau, Ufaransa, akiwa na mpanda farasi wa Falme za Kiarabu. Walipompasua wakakuta alama za sindano za ganzi. Damu nayo ikatoa dawa ya usingizi, xylazine. Mwaka 2020 mahakama ya FEI ikamfungia mpanda farasi yule miaka 20. Karibu miaka minne ya upelelezi kwa ajili ya mnyama mmoja, na mimi nasema ilistahili.

Ila kuna kinachonikera. Kanuni za wakati ule zilimfanya aliyekaa juu ya tandiko ndiye wa kubeba mzigo. Sawa, aubebe. Lakini farasi wa namna hii ana mwenye zizi, ana mkufunzi, ana daktari wake. Sindano haijichomi yenyewe! Upelelezi wa kweli ungeanzia zizini, kwenye daftari la dawa, na kila mwenye ufunguo wa kabati akahojiwa. Na majibu ya upasuaji yabandikwe hadharani, kwa herufi zilezile zinazotumika kuandika jina la mshindi.