Kabla hatujanunua ampli ya pili

Wamama wapendwa, na ninyi dada zangu wa vikundi,

Juma hili naweka kando mambo ya daftari na masomo ya watoto, niseme juu ya ampli. Vikundi vingi hapa Baraka, na huko juu Fizi, vinaweka akiba ili vipate ampli ndogo na bafle mbili. Faida yake inajulikana. Inatumika kwenye mikutano, ibada, harusi na matanga, na siku ambayo kikundi hakina kazi nayo, jirani anaikodi na sanduku linapata kitu. Kikundi chetu kilinunua ya kwetu mwaka jana. Ilikufa katika mwezi wa tatu. Siku ya posho ijayo tunakaa kuamua kama tununue nyingine, na mimi nina deni la kusema kwanza, kwa sababu ile ya kwanza niliichagua mimi.

Nilitumwa sokoni kwa kuwa ni mwalimu, najua kusoma makaratasi. Mezani tulikuta ampli mbili. Moja ilikuwa nzito, imekwisha kutumika, imeandikwa wati 60. Nyingine ilikuwa mpya, nyepesi, ina taa za rangi, na juu ya boksi wameandika wati 5000 PMPO. Bei zao zilikaribiana. Mama mtunza sanduku wetu, ambaye hakubahatika kukaa darasani, aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, hii ikiharibika, fundi wetu ataiweza?" Nilimjibu kwamba kitu kipya hakiharibiki upesi, nikamwonyesha kwa kidole ile 5000. Yeye akanyamaza kwa heshima. Leo najua kwamba swali lake lilikuwa na maana kuliko namba yangu.

Tuanze na hiyo namba. Wati ni kipimo cha nguvu, na kuihesabu ni kazi ya darasa la sita: volti mara amperi. Ampli haiwezi kutoa nguvu kuliko ile inayokula, kama vile hatuwezi kupakua ugali mwingi kuliko unga na maji tuliyotia sufuriani. Chini ya adapta ya ampli yetu mlikuwa na maandishi madogo: volti 12, amperi 5. Kumi na mbili mara tano ni 60. Kama wati 60 ndizo zinazoingia, zile 5000 zingetoka wapi? Kwa umeme wa volti 220, wati 5000 zinataka amperi karibu 23, na tundu la ukutani la kawaida huwa ni la amperi 16. Hesabu hii ningeweza kuifanya palepale sokoni kwa kalamu. Sikuifanya, kwa sababu namba kubwa ilinipendeza.

Hizo herufi PMPO ni za tangazo. Hakuna kanuni moja ya kuzipima ambayo watengenezaji wote wanaifuata, kwa hiyo kila mmoja anaandika anachotaka. Mchezo huu ni wa zamani, na si wa soko letu peke yake. Marekani ililazimika kuweka kanuni mwaka 1974 juu ya namna ya kutangaza wati za ampli za nyumbani, na mwaka 2024 ikairekebisha tena. Namba ya kutafuta ni ile iliyoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo ampli inaitoa mfululizo.

Lakini hata namba ya kweli ina masharti yake. Ampli ndogo inaweza kuandikwa wati 50 kwa kila upande, na zikawa wati 50 kweli, lakini imepimwa kwa volti 24. Wewe unayo batri ya volti 12 ya paneli ya jua. Volti zikipungua nusu, nguvu haipungui nusu, inabaki robo hivi. Kwa hiyo usishangae ukipata wati 12 tu. Pengine tena zile 50 zimepimwa sauti ikiwa imekwisha kuharibika kumi kwa mia, mkwaruzo ambao hata mtoto anausikia. Mwingine atakuonyesha kwamba ampli yake inaharibu sauti 0.01 kwa mia na ya jirani yake ni 0.1. Kwa mikutano yetu tofauti hiyo ni ya karatasi, maana bafle yenyewe huharibu sauti kuliko hapo.

Tujue pia namna sikio linavyosikia. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, kitu kidogo sana. Ili sikio liseme "sasa imekuwa kubwa mara mbili," unahitaji wati mara kumi. Ndiyo maana bafle nzuri ni ya lazima kuliko ampli kubwa. Bafle inayoizidi nyingine kwa desibeli 10 itakupa kwa wati 10 sauti ile ambayo nyingine inaitoa kwa wati 100. Batri yenu itashukuru.

Sasa nije kwenye kudumu. Shuleni tuna mwanafunzi anayepata alama nzuri siku ya mtihani lakini nusu ya mwaka hakuonekana darasani. Vipimo vya ampli ni mtihani wa siku moja, kikiwa kitu kipya, katika chumba safi chenye umeme uliotulia. Kudumu ni mahudhurio ya mwaka mzima, pamoja na vumbi, joto, unyevu wa ziwa, mende wanaotafuta pa kulala, na jenereta ambayo umeme wake unapanda na kushuka. Namba za boksi hazisemi lolote juu ya mahudhurio.

Fundi alipofungua ampli yetu alituonyesha mambo matatu. Kwanza, kile kipande cha aluminiamu kinachotoa joto nje kilikuwa kidogo kuliko kiberiti. Pili, zile kopo ndogo za ndani, kondensateri, zilikuwa zimevimba vichwa. Hizo huchoshwa na joto. Mafundi wana kanuni kwamba kila joto likizidi digrii 10, maisha ya kondensateri yanapungua karibu nusu. Kondensateri ya saa 2000 kwa digrii 105 inaweza kufikia saa 16000 ikikaa kwenye digrii 75. Jambo la tatu lilinitia aibu, maana lilikuwa letu. Tulikuwa tumeifunika kwa kitenge ili vumbi lisiingie, nayo inafanya kazi. Tena siku ya matanga waliokodi waliongeza bafle mbili juu ya zile mbili. Bafle mbili za omu 8 zikifungwa sambamba kwenye upande mmoja, ampli inaona omu 4, na kama ni bafle za omu 4 inaona 2. Kadiri omu zinavyopungua, ampli inavutwa zaidi. Yetu ilivutwa mpaka ikaungua, huku imefunikwa kama mgonjwa wa malaria. Boksi lilidanganya, lakini sisi nasi tulisaidia kuiua.

Sisemi kwamba vitu vipya ni vibaya. Ampli ndogo nyingi za siku hizi ni za aina iitwayo daraja la D, na zikiwa nzuri hugeuza umeme wake kuwa sauti karibu tisini kwa mia, wakati zile za zamani hupoteza nyingi kuwa joto. Kwa anayetumia batri, faida hiyo si ndogo. Nasema tu kwamba kabla ya kufungua sanduku tuulize maswali haya:

1. Adapta au batri inaipa wati ngapi? Volti mara amperi. Ikiahidi kutoa zaidi ya hapo, tuiache.

2. Imefungwa kwa skurubu au kwa gundi? Fundi wetu aione kabla hatujalipa, atuambie kama vipuri vyake vinapatikana hapa Baraka au Uvira.

3. Muuzaji atakubali iimbe saa mbili mbele yetu, kwa bafle zetu? Baada ya hapo tuiguse. Ikiwa ni moto wa kuunguza mkono, turudi nyumbani na fedha yetu.

4. Nani ataitunza? Ikae wazi inapofanya kazi, ifunikwe inapolala. Jenereta iwashwe kwanza, ampli baadaye. Wakati wa kuzima, ampli itangulie. Anayekodi asiongeze bafle hata moja, na mmoja wetu aende nayo.

5. Tumebakiza kiasi gani cha kutengeneza? Tusimalize fedha yote siku moja. Sehemu ibaki kwenye sanduku kwa ajili ya fundi, nayo ipatikane pia kwa pato la kukodisha.

Ile ampli nzito ya wati 60 tuliyoiacha mezani ilinunuliwa na kikundi kingine. Majuzi niliisikia kwenye harusi. Sauti yake si ya kushangaza, lakini maneno ya wazee wa pande zote mbili tuliyasikia mpaka kwenye mlango wa nyuma, na mwaka wake unakaribia kuisha.

Fedha iliyopotea ilikuwa ya wauza dagaa, wauza mihogo na wafua nguo, waliotoa franka zao juma kwa juma. Siku ya posho nitasimama niwaombe radhi. Kisha nitapendekeza safari hii mama mtunza sanduku aende sokoni pamoja na fundi. Mimi nitawafuata na kalamu, kwa ajili ya hesabu.

Mwalimu wenu