Mpito Usiwe Mbwembwe

Wanaelimu wenzangu, tukiandaa video za kufundishia BTP kila picha inaingia kwa mbwembwe. Tupunguze. Chukua mpito wa gradienti: programu inasoma picha ya kijivu, penye giza panabadilika kwanza, penye weupe mwisho. Una picha mbili za Ziwa Ngozi pale Rungwe, moja ina ukungu, nyingine anga safi? Itumie ile ya ukungu kama mwongozo: msitu unabadilika mapema, ukungu mweupe unaondoka mwisho, na ziwa la kreta linajitokeza. Hapo mwanafunzi ameona jiografia. Lakini kati ya jedwali na jedwali, mpito huohuo unamchanganya tu. Kama haufundishi kitu, kata moja kwa moja, uendelee na somo.