MAMBO YA NYUMBANI: Mtoto Akiingia Chuo Kikuu

Vyuo vikuu vya Tanzania hufungua mwaka wao wa masomo mwezi wa Oktoba au Novemba, nasi tumeulizwa mengi na wazazi ambao mtoto wao ni wa kwanza katika ukoo kwenda huko. Hatutajibu yote. Mambo ya mashuka na ndoo mtaelezwa vizuri zaidi na binti zenu.

Yatupasa kwanza kujua ya kuwa chuo si shule ya bweni iliyokuzwa. Shuleni kengele humwamsha mtoto, na mwalimu wa zamu humtafuta asipoonekana. Chuoni mhadhiri aweza kusema mbele ya watu mia tatu, kisha akaenda zake, na asiyekuja hapana aliyemwuliza. Tena kijana aliyekuwa wa kwanza katika shule yake ya kata huketi kati ya wenziwe ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Jambo hili huvunja mioyo ya wengi katika majuma ya mwanzo, wala si kwa sababu wao ni wajinga.

Muhula nao ni mfupi, majuma kama kumi na tano ya mafundisho, ndipo mitihani. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alama 40 katika 100 hutokana na kazi na majaribio ya katikati ya muhula, na 60 ndizo za mtihani wa mwisho. Basi aliyepoteza Novemba na Desemba amekwisha poteza sehemu asiyoweza kuirudisha kwa kukesha siku tatu. Na alama za muhula huu wa kwanza hazifutwi. Huhesabiwa pamoja na za miaka ifuatayo hata siku ya shahada. Anayeshindwa somo hupewa mtihani wa marudio, nao huuita "sapu". Akishindwa kupita kiasi huondolewa chuoni, na wenziwe husema, "Amedisko." Mzazi akilisikia neno hilo asidhani ni habari ya ngoma.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo nyumba nyingi hukwama. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliwekwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Majina ya wapewao mkopo hutangazwa kwa awamu, na fedha ya kujikimu hutolewa kwa mafungu, baada ya mwanafunzi kujiandikisha chuoni na kutia sahihi. Kwa hiyo asiende na nauli tupu akitumaini kwamba fedha yamngojea mlangoni. Awe na chakula cha mwezi mzima mkononi. Kama ni mbuzi wa kuuzwa, auzwe kabla ya safari.

Fungu likitoka, wao wenyewe huliita "bumu", huja kwa mkupuo mmoja, na kijana ambaye hajapata kushika laki tano maishani mwake hujiona tajiri. Wengine hununua simu mpya na viatu, na mwezi usipoisha wanakopa wali. Hayo hunenwa sana na wazee. Lakini uko uvujaji mwingine usionenwa, kwa kuwa watoka kwetu sisi tulio nyumbani.

Twaijua nyumba moja ambayo mtoto wao alikwenda chuo kusomea ualimu. Fungu la kwanza lilipotoka, mama alimpigia simu juu ya dawa. Juma lililofuata mdogo wake alitaka sare za shule. Kisha mjomba akaomba kidogo tu, halafu bati la jikoni likang'oka kwa mvua. Kijana alituma kila mara, wala hakukataa hata mara moja. Kufika Januari alikuwa akila mara moja kwa siku, na siku ya jaribio moja alilala kitandani kwa kizunguzungu. Alianguka masomo mawili. Baba yake alipopata habari alisema ni uvivu na marafiki wabaya. Dada yake mkubwa, aliye mwalimu, akamwomba kijana simu yake, akaketi akijumlisha zile fedha alizotuma. Zaidi ya nusu ya bumu lilikuwa limerudi kijijini.

Baba alinyamaza kitambo. Akasema, "Mwanangu, mbona hukutuambia?"

Naye akajibu, "Baba, ningesemaje, nanyi mmeuza ng'ombe kwa ajili yangu?"

Alirudia mitihani ile miwili, akapita. Tangu siku hiyo dada ndiye apokeaye maombi yote ya nyumbani, na mengi huishia kwake. Twaona ni mpango mzuri. Mkumbuke pia ya kuwa fedha ile ni deni. Kwa sheria iliyobadilishwa mwaka 2016, akipata kazi ya mshahara hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kulilipa. Bati la jikoni lile atalilipia yeye.

Juu ya malazi tutasema machache. Pale Mlimani mabweni yaliyofunguliwa mwaka 2017 yalijengwa kwa wanafunzi 3,840, na bado wengi hukosa nafasi, wakapanga nje au "wakabebana", ndiyo kusema wawili kulala kitanda cha mmoja. Mwulizeni mtoto analala wapi na pamoja na nani. Mwulizeni lini ana jaribio, ili msimpigie usiku ule.

Ndugu mmoja ametuuliza kama inafaa kumficha mwanafunzi msiba mpaka amalize mitihani. Twajua desturi hii, na nia yake ni njema. Lakini sisi hatuikubali. Chuo kina Mlezi wa Wanafunzi, na mwenye kufiwa au kuugua aweza kuomba ruhusa, hata kuahirisha mtihani, akipeleka habari mapema pamoja na barua. Mtoto aliyefichwa kifo cha bibi yake hataamini tena neno "hatujambo" katika simu, na kila mtihani ataufanya akijiuliza ni nani aliyekufa. Walimu mliomfundisha zamani, mwelezeni habari ya ofisi hiyo kabla hajaondoka, maana wazazi wengi hawaijui, na kijana mgeni huona haya kuuliza.

Muhula ukiisha atakuja likizo amekonda, atalala siku mbili. Mwacheni alale. Matokeo hutangazwa baadaye, hivyo akishuka katika basi hayajui bado, na mjomba amwulizaye papo hapo stendi, "Je, umefaulu?" amwuliza neno asiloweza kulijibu.