"Si uache tu" si dawa, wasee

Nimechoka na hii "si uache tu." Msichana amejibandua ngozi ya mkono mpaka damu inatoka, shangazi anampiga kofi la vidole, "We, acha hiyo tabia," halafu anaendelea na chai yake. Kama ingekuwa ya kuacha tu, si angeacha? Mnadhani anapenda kuvaa mikono mirefu Mombasa mwezi wa Februari?

Huu ni ugonjwa. Tangu 2013 uko ndani ya DSM-5, kile kitabu madaktari wa akili Marekani hutumia kutambua magonjwa, kwa familia moja na ule wa mtu kunawa mikono bila kikomo. Na wengi walio nao pia wana wasiwasi wa kupindukia. Hapo ndipo watu hukosa kuelewa. Wasiwasi ukipanda, vidole vinaanza kutafuta kitu: kipele, kigaga, ngozi kando ya kucha. Ukibandua, kichwa kinatulia. Kidogo tu. Kisha unajiona kwa kioo, aibu inakushika, na hiyo aibu nayo ni wasiwasi mwingine. Saa zingine hata hujui unafanya. Uko kwa matatu, mmekwama Thika Road, unashtukia kidole kina damu.

Sasa huyo mtu ukimwambia "unajiharibu sura, nani atakuoa," umemsaidia na nini? Umemwongezea ile kitu inamfanya abandue. Hongera.

Na nyinyi wenzangu mnaouza seramu na krimu huku mtandaoni, nyinyi ndio mnanikera zaidi. Mtu anawatumia picha ya makovu, mnamuuzia ya kutoa madoa. Madoa yanafifia, vidole viko palepale, mwezi ujao amerudi na pesa. Biashara safi kabisa.

Kuna tiba inayomfundisha mtu kugundua ni saa ngapi na wapi mkono huanza kutembea, kisha aupe kazi nyingine, hata kama ni kukunja ngumi. Haitaki mashine. Inataka mtu aliyesomea, na hapo sasa serikali ituambie. Mwaka wa 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza magonjwa ya akili yatangazwe dharura ya kitaifa. Ni dharura gani hii, unaenda zahanati vidole vikivuja damu, unapewa mafuta ya kupaka na kuambiwa upunguze mawazo?