Sulhu ya vidio: nani mwengine yupo chumbani?



Leo tunaacha kidogo mambo ya hina na vikuku. Tunataka kuzungumza jambo ambalo halimo kwenye sanduku la biharusi lakini humfika mapema kuliko anavyodhani: ile siku ya kwanza wazee wanapoitwa kuwasikiliza, yeye na mumewe. Zamani wazee walivaa kanzu wakaja, wakakaa, wakanywa kahawa. Siku hizi wazee wamo ndani ya simu, mmoja yuko Dar, mmoja Muscat, na ami hajui kuweka kamera, tunamuona paji la uso tu. Msimamo wetu tuuseme mapema. Sulhu ya vidio inafaa na tunaiunga mkono. Ila namna inavyofanywa majumbani mwetu inamuumiza mwanamke, na inaweza kuivunja ndoa iliyokuwa inataka kupona.

Tunasema kwa tuliyoyaona. Mwari wetu mmoja, tuliyemtia hina kwa mikono yetu, aliolewa hapa Unguja na kijana wa Murungu, kule Kibondo, milimani mwa Kigoma. Kijana alikuja kwa kazi ya ujenzi wa mahoteli, akaposa kwa heshima, nikaha ikafungwa. Mwaka haujapita baba yake akafariki, akarudi kwao kushika shamba la maharage, mahindi na migomba. Biharusi akamfuata: boti mpaka Dar es Salaam, halafu basi linalovuka nchi nzima kuelekea upande wa Burundi. Huko asubuhi ni baridi ya kuvaa sweta, na wenyeji wakiwa wenyewe kwa wenyewe husema Kiha. Alikaa miezi minane. Mimba ilipokuwa kubwa akarudi kwa mama yake kujifungua, kama desturi yetu. Arubaini ikesha. Miezi mitatu ikapita, hakurudi.

Mume akaanza kulalamika, na alikuwa na haki ya kulalamika. Mtoto wake alikuwa hajampakata. Mke naye alikuwa na yake mawili. La kwanza, siku ya posa ilisemwa kwamba makazi yatakuwa Unguja, lakini haikuandikwa popote. La pili hakumwambia mtu isipokuwa mama yake: bangili zake mbili za dhahabu, ambazo ndizo mahari yake, mume aliziuza msimu wa kulima ili anunue mbolea. Alimwambia atamrudishia wakivuna. Walivuna, hakurudisha.

Kikao cha kwanza cha vidio kiliitishwa usiku baada ya Isha. Tulikuwepo upande wa huku, wanawake watatu na ami yake. Upande wa Murungu tulimuona mume na kaka yake mkubwa, basi. Biharusi akaambiwa, haya mwanetu, sema yote, hapa ni nyumbani. Akasema. Akasema ya bangili, akasema na mengine ya ndani ambayo hatuyaandiki hapa. Alipomaliza tukasikia mtu anakohoa, halafu sauti ya mwanamke inasema kitu kwa Kiha, na watu wakacheka. Kaka mtu akageuza simu. Chumba kimejaa! Mama mkwe, mawifi, majirani, vijana wamesimama mlangoni. Wote wamesikia. Hatujui walicheka nini. Baadaye tuliambiwa walimcheka mtoto aliyelala akaanguka kwenye benchi, na huenda ni kweli. Lakini mwari wetu usiku ule alijua kitu kimoja tu, kwamba amevuliwa nguo mbele ya ukoo.

Akalia, akapaza sauti. Mume naye akapandisha. Na hapo ndipo likatokea la kututoa jasho mpaka leo. Mume alisema, "Basi mimi nime-ku..." Mtandao ukakatika. Sura yake ikaganda kwenye kioo, mdomo wazi.

Tulipiga tena na tena, hapatikani. Huko simu hushika ukipanda kilimani, na ilikuwa usiku wa mvua. Mama wa biharusi alikaa chini sakafuni. Nimekuacha? Nimekupa talaka? Huyu sasa ni mke au ni mwenye eda? Alfajiri ndipo mume alipopatikana, akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba neno lake lilikuwa "nimekuvumilia", na kwamba talaka hakuitamka wala hakuikusudia. Mas-ala yakapelekwa kwa wenye elimu, wakamuuliza wenyewe, ndoa ikawa ipo. Lakini mwanamke alilala usiku mzima hajui kama ana mume, kwa sababu ya bando na mawingu.

Kwa hiyo tukisikia watu wanasema vidio imerahisisha, tunakubali, lakini tunauliza imemrahisishia nani. Nauli ya boti na basi kwenda na kurudi, na mtoto mchanga mgongoni, si ndogo, na bila simu kikao kile kisingekuwepo kabisa. Hilo hatulipingi. Mahakama zenyewe za Bara tokea 2021 zina kanuni za kuendesha mashauri kwa njia ya vidio. Na watu wa Kibondo na Kasulu hawahitaji kufundishwa na sisi. Kule wana jirani zao wa kambi ya Nyarugusu, iliyopo tokea 1996, ambao wengine wana ndugu waliokwishahamishiwa Marekani. Mzee kusikiliza ugomvi kwa simu kwao si ajabu. Kosa si simu. Kosa ni kwamba tumechukua chombo kipya tukaacha adabu za kikao nyuma.

Adabu hizo si za kubuni. Suratun Nisaa, aya ya 35, imetaja hakamu mmoja kutoka kwa watu wa mume na hakamu mmoja kutoka kwa watu wa mke. Wawili. Haikutaja mawifi mlangoni. Sababu yake tunaiona kwa macho yetu: siri ikishasikiwa na watu kumi na tano, hata wenye ndoa wakitaka kurudiana, wale kumi na tano hawasahau.

Kikao cha pili tulikisimamia kwa ukali kidogo, na tulilaumiwa. Tulitaka kila upande uzungushe simu polepole chumba kizima, pembe zote na nyuma ya mlango, kabla ya salamu. Tulitaka Kiswahili peke yake, na mzee akitaka kusema Kiha basi hakamu wao atafsiri pale pale. Hakuna kurekodi. Na wazee wa pande zote mbili walikubaliana kwamba neno la talaka halitajwi kwenye simu. Mwenye kulitaka asubiri, azungumze na sheikh kwanza. Yule kaka mkubwa, Mungu amlipe kheri, alipanda na mdogo wake kilimani mchana, wakakaa ndani ya gari la jirani, vioo vimefungwa.

Huyo kaka ndiye aliyelimaliza la bangili. Alimwambia mdogo wake mbele yetu kwamba mahari ni mali ya mke, si akiba ya shamba, na akiuza maharage msimu huu dhahabu irudi kabla ya mbolea. Mume akakubali, na tukaandika kwenye karatasi, kila upande nakala yake.

La makazi halikwisha. Ami yetu alitaka kumlazimisha arudi, ati mke huenda kwa mumewe. Tukamkumbusha kisa cha Barira. Mtume (s.a.w.) alimuombea Mughith kwake, Barira akauliza kama hiyo ni amri, akaambiwa hapana, ni maombezi tu, naye akakataa, na hakulaumiwa. Ikiwa Mtume mwenyewe aliombea bila kulazimisha, msuluhishi wa kwenye simu amepata wapi ubavu?

Na hapa mabiharusi mnaoolewa Bara tutegee sikio, kwa sababu hili shoga zako hawatakwambia. Kikao cha familia kwa vidio, hata kiwe kizuri vipi, si baraza. Kule Bara kuna Sheria ya Ndoa ya 1971, nayo inataka mgogoro upite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza hilo ndilo linalotoa hati kwamba usuluhishi umeshindikana, kabla ya mahakama kuombwa talaka. Isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile mume kuitwa akakataa makusudi kufika, kesi isiyo na hati hiyo hukwama. Huku Zanzibar sheria hiyo haitumiki. Sisi tuna Mahakama ya Kadhi na sheria yake ya 2017. Mwanamke wa Unguja aliyeolewa na mtu wa Kigoma ana mguu mmoja huku na mmoja kule. Mtu akikwambia "tumeshasuluhisha kwa WhatsApp, imetosha", muulize karatasi iko wapi na nani ameitia saini.

Tunajua wapo watakaosema tunaipa ugumu kheri. Dada mmoja alituambia kukagua chumba ni kuwadhania watu vibaya. Sisi tunaona ni kinyume chake. Mama mkwe akijua mapema kwamba haruhusiwi kuwepo, hapati dhambi ya kusikiliza, na wala mkwe wake hamuogopi siku wakionana. Na yule mwari wetu, mpaka tunaandika haya, bado yuko kwa mama yake. Bangili moja imeletwa na abiria wa basi, imefungwa ndani ya soksi ya mtoto. Ya pili wamesema baada ya mavuno. Mume anapiga kila Ijumaa kumuona mwanawe, na wiki iliyopita, mama mtu anasema, walizungumza wawili peke yao mpaka bando likaisha.