Ufunguo wa Paa Uko kwa Nani?

Binamu yangu anatunza wazee huko London, zamu za usiku, na kila mgeni anayemjia kutoka nyumbani humpeleka mahali pamoja. "Mfuko uwe mzito, uwe mwepesi, mimi hukuleta hapo tu," aliniambia tukiwa kwenye treni. Nilidhani ni kanisani, au dukani. Tukatokea Fenchurch Street, kati ya maofisi ya bima, tukaingia kichochoro kinaitwa Fen Court, mlinzi akakagua begi langu, lifti ikatupandisha hadi ghorofa ya 15. Mlango ukafunguka nikaanza kutafuta mahali pa kulipia. Simu ilikuwa tayari mkononi.

"Unatafuta nini sasa?"

"Tiketi."

"Wee, si nilikwambia ni bure? Weka simu ndani."

Bustani yenyewe inaitwa The Garden at 120, ilifunguliwa mwaka 2019. Kuna mabenchi, kuna maji yanayotiririka, kuna miti ya matunda, na vyuma virefu ambavyo wisteria imetambaa juu yake na kuning'iniza maua ya zambarau. Hakuna kubuku. Hakuna aliyetuuliza tunakunywa nini. Mama mmoja wa ofisi alikuwa amevua viatu anakula wali kutoka kwa kopo lake la nyumbani, kando yake mzee amelala na gazeti usoni. Na mbele yetu London nzima: mto, daraja, Shard upande wa pili, yale majengo mengine yenye majina ya utani kama watu wa mtaa. Tukakaa saa mbili. Binamu yangu, ambaye alikuwa ametoka kazini asubuhi hiyo, alisinzia kwa bega langu. Akaniambia baadaye kwamba mwaka wake wa kwanza, chumba chake kikiwa hakina dirisha la maana, alikuwa akija hapa kila siku ya mapumziko ili aone mbali.

Nilishuka na hasira, na haikuwa na London.

Kabla sijaendelea, msije mkasema nimeenda wiki moja nimerudi nikiwaimbia Wazungu sifa. Pale pale Fen Court, chini ya hiyo bustani, kuna sanamu ya kukumbuka kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, nguzo za mawe zilizochongwa kama mabua ya miwa, ambayo Askofu Desmond Tutu aliizindua mwaka 2008. Haikuwekwa hapo kwa bahati mbaya. Lloyd's, soko la bima lililo hatua chache kutoka hapo, liliomba radhi mwaka 2020 kwa mchango wake katika biashara hiyo. Pesa iliyoinua mtaa ule tunajua ilitoka wapi. Na hata hiyo bustani hawakuitoa kwa roho safi. Hilo ndilo ninalotaka mlishike: haikuwa zawadi.

Mamlaka ya City of London ndiyo hutoa ruhusa ya ujenzi katika eneo lile, na kwa miaka kadhaa sasa, ukitaka kujenga mnara mrefu pale, swali mojawapo utakaloulizwa ni wananchi watapata nini huko juu. Ndiyo maana mwaka 2023 minara miwili ya Bishopsgate ilifungua kumbi za bure za kutazama jiji, mmoja kwenye ghorofa ya 50 na mwingine ya 58. Wenye majengo wanapenda kodi ya ofisi kuliko kutuona sisi na mikate yetu. Ila waliambiwa: unataka kwenda juu, lipa kwa paa.

Wakati mwingine wanalipa vibaya. Hatua chache kutoka pale tulipokaa kuna jengo la 20 Fenchurch Street, wanaliita Walkie-Talkie, limefura juu kama mtu aliyeshiba. Liliruhusiwa kusimama mbali na kundi la minara mingine, na ahadi ya bustani ya umma kileleni ilikuwa sehemu kubwa ya hoja. Hilo ndilo jengo ambalo mwaka 2013, likiwa bado linajengwa, vioo vyake viliakisi jua mpaka vikayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa barabarani. Bustani yake, Sky Garden, ilifunguliwa Januari 2015. Ni bure, naam, lakini unabuku mapema, unapewa saa yako, unapita ukaguzi kama wa uwanja wa ndege, na ukifika juu unakuta mimea imesukumwa kando na baa na mikahawa imekaa katikati. Wengi waliona wamechezwa. Ahadi ilikuwa mbuga, wakapewa sebule ya hoteli yenye majani. Somo ni kwamba neno "umma" kwenye karatasi halitoshi. Lazima uandike mlango ufunguliwe saa ngapi, benchi ngapi, na kwamba mtu anaweza kukaa bila kununua kitu.

Sasa turudi Nairobi.

Wiki moja baada ya kurudi, mimi na marafiki wawili tulienda Westlands kwa baa moja ya juu ya jengo, kuona jua likizama. Soja wa chini alituangalia viatu kwanza. Wa juu akauliza kama tumebuku meza. Hatukuwa tumebuku. Akasema tunaweza kuingia, ila kila meza lazima itumie si chini ya elfu kumi. Sisi watatu tulikuwa na elfu nne na mia kadhaa, pamoja na nauli. Rafiki yangu akamwambia, kwa upole kabisa, "Boss, sisi tunataka tu kuangalia." Jamaa akacheka. Hakuwa mbaya, alicheka vile mtu hucheka akisikia mtoto ameomba mwezi.

Ni lini tulikubali kwamba kuona jiji letu ni kokteli?

Fikirieni urefu wa jengo unatoka wapi. Mwenye ploti ana ardhi, sawa, ameinunua. Lakini ule mwanga aliouziba hakuununua. Upepo, kivuli kinachoangukia nyumba ya jirani, magari mia tatu yanayotoka kwa besimenti yake saa kumi na moja jioni, maji anayovuta kutoka bomba lile lile linalokauka kwako siku ya nne, hivyo vyote anatutoza sisi. Mkitaka kujua bei ya urefu, ingieni Pipeline, Embakasi, mchana wa saa sita. Ghorofa ya kwanza na ya pili, taa zimewashwa. Ukitoa mkono dirishani karibu umsalimie wa ploti ya pili. Mtoto anaweza kumaliza likizo nzima bila jua kumgusa, isipokuwa apande juu kwa paa.

Na hapo ndipo najua ninachosema, kwa sababu nimekulia kwa paa la ploti kama hiyo. Huko juu ndiko tulianika nguo, mama zetu wakipigania kamba, ukipoteza soksi unajua ilienda na nani. Huko ndiko nilisomea mtihani wa kidato cha nne, nimeegemea tangi la maji, kwa sababu chumbani tulikuwa watano. Huko nilipendwa mara ya kwanza na huko huko nikaachwa. Jioni ukigeuka upande wa magharibi unaona minara ya tao, na nyuma yake Ngong, na sisi tulibishana ni ipi Times Tower na ni ipi KICC kama watu wenye hisa. Hakuna aliyeita mahali pale bustani, ingawa mama mmoja wa ghorofa ya sita alikuwa na sukuma wiki na dania kwenye mitungi iliyokatwa, na ukimwomba vizuri anakupa.

Basi keateka akaweka kufuli. Sababu ilikuwa watoto wanachezea tangi, halafu baadaye ikawa vijana wanavuta bangi, halafu ikawa mwenye ploti ameamua tu. Sasa nguo zinaanikwa kwa korido, zinanuka. Ukitembea mitaa hiyo leo utakuta mapaa mengi yana mlango wa chuma, na mengine yamekodishwa kwa mlingoti wa simu. Huko mlingoti unapata hewa safi kuliko wapangaji.

Najua hoja ya usalama. Nairobi si mahali pa kulichezea neno hilo; tulizika watu Agosti 1998, tukazika tena baada ya Westgate 2013. Lakini kutoka ile bustani ya Fenchurch Street unaona jengo la duara linaloitwa Gherkin, na hilo limesimama mahali ambapo bomu lilivunja soko la Baltic Exchange Aprili 1992 na kuua watu. Watu wa pale pia wanajua mlipuko. Walichofanya ni kuweka mashine ya kukagua mabegi na ukuta mrefu wa kioo pembeni, kisha wakafungua mlango. Sisi tayari tunakaguliwa tukiingia supamaketi, tukiingia benki, tukiingia ibada. Tumezoea kuinua mikono. Basi tuinue tupandishwe mahali.

Halafu kuna wale wa "watu wetu watachafua." Hawa nawajua, wengine ni marafiki zangu. Husema "watu wetu" kama kwamba wao walizaliwa Uswisi. Nendeni Karura siku ya Jumapili mkaniambie ni nani anachafua. Mahali pakitunzwa, watu hupatunza.

Na hili si jambo geni hapa, tumesahau tu. Mwaka 1989 walitaka kuinua mnara wa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na sanamu kubwa ya Rais Moi pamoja nao. Wangari Maathai aliandika barua, akatukanwa bungeni, akaendelea kuandika, mpaka wafadhili wakajitoa na mradi ukafa. Tunamkumbuka kwa miti, lakini ile vita ilikuwa kuhusu nani ana haki ya kukaa chini katikati ya Nairobi bila kununua kitu. Tulishinda ardhi. Juu hatukuwahi hata kuuliza. Uhuru Park yenyewe ilipofungwa kwa ukarabati mwaka 2021, tulizoea kuichungulia.

Sheria tunayo. Ile ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inaipa kaunti uwezo wa kutoa ruhusa ya ujenzi kwa masharti. Masharti hayo leo yanahusu maegesho, maji taka, umbali kutoka barabarani. Hakuna kinachozuia kaunti kuongeza moja: jengo lolote la ofisi au maduka linalozidi ghorofa kadhaa katika Upper Hill, Westlands au tao, liache sehemu ya paa wazi kwa umma, bila kiingilio, saa zilizoandikwa mlangoni. Na kwa ploti za kupanga, sharti jingine jepesi zaidi: paa lisifungiwe anayeishi chini yake. Wekeni ukuta wa usawa wa kifua, wekeni wavu, kisha ondoeni kufuli.

Lakini kwa nini tungoje majengo mapya wakati lipo moja letu tayari? KICC ilifunguliwa mwaka 1973, kwa pesa ya umma. KANU ikaigeuza makao yake miaka na miaka, mpaka serikali ilipoirudisha mikononi mwa umma mwaka 2003. Novemba 2023 ikatokea kwenye orodha ya mashirika ya kuuzwa, na mahakama ikabidi iingilie. Kila kizazi kuna mtu anataka kuipeleka nyumbani. Na wakati huo wote, mwanafunzi wa Kayole akitaka kupanda hadi kile kiwanja cha helikopta aone mtaa wake kutoka juu, analipa. Bei ya mwananchi ni ya chini kuliko ya mgeni, watakwambia, kana kwamba tushukuru kwa kupunguziwa bei ya kitu chetu. Siku moja kwa wiki, bure. Jumapili. Si hata kila siku, naomba Jumapili tu, na maji ya bomba, na benchi kumi.

Juzi nilienda ile ploti ya zamani kumsalimia mama wa sukuma wiki. Siku hizi yuko ghorofa ya pili, magoti yamekataa ngazi. Nikamwonyesha picha za bustani ya Fenchurch Street. Alizivuta kubwa kwa vidole viwili, akapita majengo yote bila kuyatazama, akafika kwenye udongo.

"Wamepanda nini hapo chini ya hivi vyuma?"

Nikamwambia sijui yote, kuna miti ya matunda.

"Na maji wanatoa wapi?"

Nilipotoka nikamtafuta keateka, kijana mpya, ana adabu. Nikamuuliza ufunguo wa juu uko kwa nani. Akasema hata yeye hajawahi kuuona. Mafundi wa mlingoti huja na wao.